Mchezo Ulioanza Kabla Yetu

Alasiri ya Idi mosi, njia za mjini Unguja huelekea Mnazi Mmoja na Kariakoo. Watoto wamevaa nguo mpya, mkono wa Idi umo mifukoni, bembea zinalia kwa kukosa mafuta, wauza puto na aiskrimu wanashindana kuita, na spika tatu zinapiga nyimbo tatu kwa mpigo. Kwa mtoto aliyeingoja siku hii mwaka mzima, raha ndiyo hiyo. Kwa mtoto mwenye usonji, kero huweza kuanza asubuhi kabla ya kutoka nyumbani: kola ya kanzu mpya inamkwaruza shingo, viatu vinambana, moshi wa udi umejaa chumbani, na wageni wanaingia na kutoka bila utaratibu anaoujua. Ikifika jioni familia hugawanyika. Baba anakwenda uwanjani na watoto wengine, mama anabaki na huyu. Wale wanarudi na puto, mama anawauliza ilikuwaje. Mwaka nenda mwaka rudi, mgawanyo huo unakuwa desturi ya nyumba, na hakuna anayekumbuka kwamba ulianza kama dharura ya siku moja.

Swali langu ni hili: familia ya namna hii itacheza lini pamoja, wote, bila mmoja kubaki nyuma kulinda? Mazungumzo yetu kuhusu usonji yamejaa mambo mazito, na yanastahili uzito huo: uchunguzi unaochelewa, shule zisizo na kitengo, gharama za wataalamu, unyanyapaa. Mchezo hutajwa mwishoni, tena kama dawa. Upo wa kukuza lugha, upo wa kujenga umakini, upo wa kutuliza. Naamini tumepanga vibaya. Kucheza pamoja ni sehemu ya kuwa familia, kama kula pamoja. Na mtoto mwenye usonji mara nyingi yumo mchezoni tayari, ameanza bila sisi. Iliyobaki ni kazi yetu wengine kuutambua mchezo wake na kuomba nafasi.

Usonji ni namna ya ukuaji wa ubongo inayoanza mapema utotoni, na hugusa mawasiliano, uhusiano na watu, na jinsi mtu anavyopokea yanayomzunguka. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Mwaka 2013, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uitwao DSM-5 uliingiza miongoni mwa dalili zake hisia zilizozidi au zilizopungua katika milango ya fahamu. Wazazi walikuwa wakilijua hilo siku nyingi. Mtoto anayeziba masikio blenda ikiwashwa ndiye huyo huyo anayeweza kugonga sahani kwa kijiko nusu saa nzima akitabasamu. Sauti ya sahani iko mkononi mwake, anaianzisha na kuikata apendavyo, lakini ya blenda inamvamia. Mzazi akilishika hilo, ataelewa sehemu kubwa ya yale yanayomshinda mwanawe uwanjani siku ya Idi, na pia kwa nini mtoto huyo anaweza kuipenda bembea ile ile kesho yake, uwanja ukiwa mtupu.

Mwaka 1943, daktari Leo Kanner wa Baltimore alichapisha makala iliyoeleza watoto 11. Wa kwanza wao alikuwa mvulana wa mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, aitwaye Donald. Mvulana huyo alizungusha kila alichoweza kuzungusha, na kikizunguka aliruka kwa furaha. Kanner aliiandika furaha hiyo kama sehemu ya ugonjwa. Macho yake yaliona sawasawa, kwa maana furaha imo katika maelezo yake mwenyewe. Waliomfuata ndio walioishika dalili wakaiacha furaha. Donald Triplett aliishi hadi 2023, akafariki akiwa na miaka 89. Alifanya kazi benki, alicheza gofu karibu kila siku, na alisafiri katika nchi nyingi. Waandishi John Donvan na Caren Zucker, waliofuatilia maisha yake, walieleza jinsi watu wa mji ule walivyomzoea na kumlinda. Ni lazima kusema pia kwamba wazazi wake walikuwa na uwezo, na benki ile ilikuwa mikononi mwa ukoo wake. Mtoto wa Mbagala au Kisauni hana benki ya babu. Lakini kukubalika kwenye uwanja wa mchezo, mbele ya watu wanaokujua kwa jina na wasioshangaa namna yako ya kujiandaa kabla ya kupiga mpira, hakukununuliwa kwa fedha peke yake. Kulitoka kwa majirani, na majirani hata Mbagala wapo.

Mchezo uliingiaje zahanati? Mwaka 1987 mwanasaikolojia Ivar Lovaas wa Los Angeles alitoa matokeo ya watoto 19 waliofundishwa kwa mkazo wa saa 40 kwa wiki. Tangu hapo wazazi wengi duniani wamesikia, kwa maneno haya au yale, kwamba kila dakika ya mtoto inafaa kuwa ya mafunzo. Saa 40 ni wiki nzima ya kazi ya mtu mzima. Sebule ikawa darasa, mama akawa mkufunzi, na tofali la kuchezea likawa kipimo cha kama mtoto ametii. Mwaka 2004 mtafiti Beth DeGrace alichapisha mazungumzo yake na familia 5 za Marekani zenye watoto wenye usonji. Walimweleza kwamba maisha yote ya nyumba yanauzunguka usonji, kwamba wanajihisi wameporwa ufamilia wao, kwamba siku hupita katika kumshughulisha mtoto na kumtuliza, na kwamba nyakati za kujiona familia ni chache na hazikai. Familia 5 ni chache kwa takwimu, lakini mlezi wa Temeke au Likoni hahitaji mkalimani kuzielewa.

Kuna tafiti zilizokuja baadaye ambazo zimesogea karibu na mkeka anapochezea mtoto. Uingereza, mpango uitwao PACT ulihusisha watoto 152 wa umri wa kabla ya shule, na matokeo yake ya kwanza yalitoka 2010. Mzazi hurekodiwa akicheza na mwanawe, kisha hukaa na mtaalamu wakaitazama video kwa utulivu: hapa alikuangalia nawe ukawa unatafuta kitu kingine cha kumwonyesha, hapa ulinyamaza naye akageuka. Watoto hao walipofuatiliwa kwa takriban miaka 6, matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kwamba dalili za waliopata mpango huo zilikuwa zimepungua kiasi kuliko za watoto wa kundi la kulinganisha. Mwaka huo huo yalitoka matokeo ya India na Pakistan, ambako njia hiyo ilirekebishwa na kufundishwa na wahudumu wa afya wasio mabingwa, katika jaribio lililohusisha watoto 65. Wazazi waliofundishwa wakawa wepesi zaidi kuitikia wanachofanya watoto wao. Kwa nchi zetu, ambako mtaalamu wa usemi anaweza kuwa mbali kwa nauli ya siku nzima, jaribio hilo la pili lina maana kubwa kuliko la kwanza. WHO nayo ina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshwaji wa ukuaji, yenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, yaliyojengwa juu ya mchezo na shughuli za kila siku. Yamejaribiwa katika nchi kadhaa, Kenya na Ethiopia zikiwamo.

Mipango hiyo inatofautiana kwa mengi, lakini yote inamtaka mtu mzima apunguze kuongoza. Na hilo ni gumu kwetu kuliko tunavyokiri. Tumelelewa tukijua mkubwa huonyesha na mdogo hufuata. Mtoto ameketi sakafuni, anazungusha kifuniko cha sufuria. Shangazi mwenye nia njema anakuja, anachukua kifuniko, anampa gari la kuchezea na kumwonyesha linavyosukumwa. Mtoto analia. Shangazi anasema, “Huyu hapendi kucheza.” Mtoto alikuwa anacheza. Sasa chukua kifuniko cha pili, keti upande ambao atakuona bila kulazimika kukutazama, nawe uzungushe. Usiseme neno. Chako kitaanguka mapema kwa sababu huna ufundi wake. Huenda asikujali leo wala kesho. Siku atakayokisukuma kifuniko chako kuelekea kwako ili uzungushe tena, mmeanza kupokezana zamu, na zamu ni mlango wa mazungumzo. Unaweza basi kungoja kidogo kabla ya kuzungusha, ili naye angoje. Kungoja kwa pamoja jambo linalotarajiwa ni mchezo mkubwa kwa mtoto huyu, na mara nyingi kicheko huja hapo hapo.

Nina onyo dogo hapa. Hata njia hizi nzuri hupimwa kwa kilichopungua katika dalili, na mzazi akiingia mkekani na kipimo hicho kichwani, atacheza kama anayelipwa kwa matokeo. Jioni ambayo vifuniko vilizunguka na hakuna neno jipya lililosemwa bado ilikuwa jioni njema.

Wataalamu wa burudani ya familia hutumia mgawanyo wa Ramon Zabriskie na Bryan McCormick wa mwaka 2001. Kuna burudani za msingi, yaani zile ndogo za nyumbani, za kila mara, zisizo na gharama, na kuna zile za kuvunja mazoea, kama safari na sherehe. Familia huhitaji zote mbili, za kwanza kwa ajili ya ukaribu, za pili kwa ajili ya kujifunza kubadilika. Ukiutazama mgawanyo huo kwa macho ya mtoto anayependa siku ifanane na siku, unaona pa kuanzia. Aliye na burudani za nyumbani alizozizoea anaweza kuongezewa kidogo kidogo kilicho kigeni. Anayepelekwa moja kwa moja kwenye kigeni, mara moja kwa mwaka, siku yenye kelele kuliko zote, amewekewa mtihani asioandaliwa.

Na nyumba zetu zimejaa burudani za msingi ambazo hatuziiti burudani. Kupepeta mchele kwenye ungo kuna mlio na mdundo. Kukanda unga wa chapati, kutwanga, kukuna nazi juu ya mbuzi, kubeba kidumu cha maji cha lita 5, kukung’uta mikeka: kazi zinazosukuma na kuvuta misuli ndizo hizo wataalamu wa tiba kwa vitendo huzitafuta kwa vifaa vya bei kubwa, kwa sababu huwatuliza watoto wengi wenye kiu ya kuguswa na kubanwa. Mchanga hauuzwi. Temple Grandin, profesa wa sayansi ya wanyama na mtu mwenye usonji, ameeleza jinsi alivyokuwa mtoto akichuruzisha mchanga ufukweni katikati ya vidole, akizama katika kila chembe. Watoto wa pwani yetu wana mchanga huo mlangoni. Kinachokosekana ni mkubwa wa kuketi kando naye achuruzishe wake, bila kutazama saa.

Michezo ya mitaani nayo inataka kupimwa mmoja mmoja. Kombolela ni mgumu: unajificha, unakisia anayekutafuta anafikiri nini, unashtushwa, unakimbia huku watu wanapiga kelele. Kila kinachoufanya utamu kwa wengine ni kile kile kinachomlemea mtoto huyu. Rede ina mpira unaokuja mwilini bila taarifa. Lakini mdako umekaa vizuri. Kuna shimo, kuna vijiwe, kimoja kinarushwa juu na vingine vinatolewa na kurudishwa, wachezaji ni wawili au watatu, na zamu iko wazi: ukikosea, anaingia mwenzako. Anaweza kucheza peke yake mpaka mkono ukomae, kisha dada akaketi upande wa pili wa shimo. Bao linakwenda mbali zaidi. Kete zina uzito na mlio, kupanda kete shimo hadi shimo kunafuata mpangilio usiobadilika, na kanuni hazimtegemei mtu kusoma uso wa mwenzake. Si kila mtoto mwenye usonji atalipenda bao, na mwenye mahitaji makubwa zaidi huenda akapenda kuzijaza kete shimoni na kuzimwaga tu. Acheze hivyo, na babu ajaze na kumwaga pamoja naye. Bembea ya kamba chini ya mwembe ni ya karibu kila mtu, maadamu anayesukuma anangoja ishara ya anayebembea.

Kisha kuna yale mapenzi makubwa ya jambo moja, ambayo familia nyingi huyachoka. Kijana anajua namba na njia za matatu zote za Nairobi, au matokeo ya Simba na Yanga kwa misimu mingi, au namna feni za kila nyumba zinavyozunguka. Wanaomzunguka humkataza kwa kuwa anarudia. Mimi naona hapo ndipo safari ya familia inapotakiwa kupangiwa. Anayependa mabasi apandishwe mwendokasi Jumapili asubuhi, kituo cha kwanza hadi cha mwisho na kurudi, naye awe mtangazaji wa vituo. Kivuko cha Kigamboni kinatosha kuwa matembezi kamili. Treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Morogoro, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, ina ratiba, ina namba za viti, ina skrini ya mwendo: kwa mtoto wa namna hii ni sherehe iliyopangwa vizuri kuliko harusi yoyote. Wadogo zake nao wamepanda treni. Hakuna aliyebaki nyumbani.

Wadogo na wakubwa zake wanataka kutajwa kwa makini. Kwetu dada mkubwa ni mlezi tangu zamani. Mwanaanthropolojia Thomas Weisner aliandika miaka ya 1970, baada ya utafiti wake Kenya, jinsi watoto wanavyolea watoto katika jamii nyingi. Hiyo ni hazina, kwa sababu dada aliyezoea kumbeba mdogo wake hujua ishara zake kabla ya mama. Lakini dada huyu ana miaka 10. Akiwa mlinzi kila saa, mchezo wake umeisha mapema. Familia inayocheza pamoja kwa kweli humpa naye zamu ya kuchagua mchezo, hata kama mdogo wake hatashiriki zaidi ya kukaa karibu. Mama vilevile: matembezi ambayo yeye ndiye macho, mikono na mfuko wa akiba kuanzia kutoka mpaka kurudi hayakuwa burudani yake. Na baba wengi wamezoea kurusha watoto juu, kupigana nao mieleka, kuwabeba mabegani. Mtoto anayependa kubanwa na kurushwa mara nyingi humwelewa baba kwa mwili kabla ya maneno, na ni hasara kubwa baba kujitoa kwa kudhani kazi hii ni ya mama na wataalamu.

Kinachozirudisha familia ndani ni macho ya watu. Utafiti wa Joseph Gona na wenzake katika pwani ya Kenya, uliochapishwa 2015 na 2016, uliwasikiliza wazazi na wataalamu wa jamii mbalimbali. Walitaja pepo wabaya, uchawi na laana miongoni mwa visababishi, pamoja na matatizo ya uzazi na maradhi, na wazazi walieleza unyanyapaa na mzigo wa malezi. Mama aliyekwisha sikia kwamba mwanawe ni laana hatamleta Forodhani jioni apige mikono hewani mbele ya umati. Na mtoto akianguka chini akilia, watu husema ana deko, hakufunzwa. Neno sahihi tunalo: amezidiwa. Kelele, taa, harufu na watu vimemjaa mpaka mwili umekataa. Jirani anayesema “amezidiwa” badala ya “amedekezwa” amemsaidia mama huyo kubaki uwanjani dakika 10 zaidi.

Bahari ina hatari yake, na pwani haifai kuinyamazia. Utafiti wa Marekani wa 2012 uliona kwamba karibu nusu ya watoto wenye usonji, 49%, walikuwa wamejaribu kutoroka angalau mara moja baada ya kutimiza miaka 4. Mwingine wa 2017, nchini humo humo, ulikadiria kwamba watoto wa chini ya miaka 15 wenye usonji walikuwa na hatari ya kufa maji mara 160 kuliko watoto kwa jumla. Watoto wengi wa namna hii huvutwa na maji. Kwa hiyo ufukweni mtu mzima mmoja awe zamu, kwa jina, kwa dakika zilizotajwa, bila simu, kisha ampokeze mwingine kwa kusema. Kila mtu akidhani mwenzake anaangalia, hakuna anayeangalia. Na kufundishwa kuogelea kuanze mapema.

Mchezo ni haki pia: Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 una kifungu cha 31 kuhusu mapumziko na mchezo, na Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2008 na Tanzania 2009, unataka katika kifungu cha 30 watoto wenye ulemavu wafike kwenye michezo na burudani sawa na wenzao. Marekani, kampuni ya sinema ya AMC imeonyesha filamu kwa taa zisizozimwa na sauti iliyopunguzwa tangu 2007, watoto wakiruhusiwa kusimama na kutembea, na San Antonio kuna bustani ya Morgan’s Wonderland iliyofunguliwa 2010, wenye ulemavu wakiingia bure. Bustani ya namna hiyo ni ghali, na sioni sababu ya kuingojea. Sinema yenye sauti ya chini inahitaji mkono mmoja kwenye kitufe.

Na uwanja wa Idi unahitaji saa moja. Wenye bembea huwa wameshafunga vyuma na kujaribu mashine kabla umati haujafika. Wakubaliane na halmashauri saa hiyo iwe ya familia hizi, spika zikiwa zimezimwa, tiketi bei ile ile. Mtoto aje na kanzu yake ya zamani iliyolainika, na dada yake avae mpya. Mama apande naye bembea, kwa sababu miaka yote hii hajaipanda, na baba abaki chini akiwangoja na aiskrimu.